Mizani ya Maji na Chumvi

Katika viungo vyote alivyojaaliwa binadamu, ni vichache vitumikavyo kwa unyenyekevu na kusahauliwa kwa wepesi kama figo. Moyo hudunda na mwenyewe akausikia. Mapafu hupanda na kushuka na jicho likayaona. Tumbo hudai haki yake kila siku kwa njaa. Ama figo, hizo mbili zilizojificha nyuma ya matumbo, huku na huku kwa uti wa mgongo, kila moja ikiwa na uzito wa gramu 150 hivi, hufanya kazi usiku na mchana bila ya sauti, na hata zinapoanza kuharibika aghalabu hazimpi mwenyewe khabari. Hupokea humusi moja ya damu yote itokayo moyoni, huchuja kadiri ya lita 180 za majimaji kwa siku, kisha hurejesha karibu yote mwilini na kutoa lita moja au mbili tu kuwa ndio mkojo. Kwa kuchuja huko na kurejesha huko husimama mizani ya maji, ya sodiamu, ya potasiamu na ya asidi, na mizani hiyo ikipinduka hapana kiungo kingine kinachosalimika.

Nimekuwa tabibu umri wangu mwingi katika hospitali za mwambao, na sehemu kubwa ya umri huo nimeipitisha katika chumba cha wagonjwa mahututi, mahali ambapo figo mara chache huugua kwa maradhi yao wenyewe, bali huangushwa na maradhi mengine: malaria kali, sumu ya vijidudu iliyoenea katika damu, kuharisha, kutokwa na damu baada ya kujifungua, kifafa cha mimba, ajali, na wakati mwingine dawa tunazowapa wagonjwa sisi wenyewe. Kusudi langu si kumfundisha mtu utabibu kwa karatasi; ni kuandika, maadamu kumbukumbu ingali nami, yale ambayo wagonjwa na wauguzi walinithibitishia mwaka hata mwaka. Nayo yote yanarejea katika hukumu moja: kwamba maji na chumvi, vitu ambavyo kila nyumba inavyo na kila mtu hudhani anavijua, ni dawa kamili zenye kipimo, na anayezitoa bila ya kupima, ijapokuwa nia yake ni njema, huenda akaua kwa mkono uleule aliokusudia kuponya.

Mwalimu wangu wa kwanza katika jambo hili alikuwa muuguzi mtu mzima ambaye sote, madaktari kwa wauguzi, tulimwita Mama, naye akatuita wanawe bila ya kujali vyeo. Kila nilipoingia zamu, kabla sijafungua kinywa, yeye huniuliza, “Mwanangu, unajua huyu wa kitanda cha dirishani amekojoa kiasi gani tangu alfajiri?” Nami hujifunga kulijua jibu siku ya pili, kwa kuwa haya mbele ya mkubwa ni mwalimu mwema. Mpira wa mkojo uliotoka katika kibofu cha mgonjwa uliishia katika mfuko wa plastiki ulioning’inia ubavuni mwa kitanda, na wengi waliutazama mfuko ule kwa mbali wakaandika kwamba mgonjwa anakojoa vizuri. Mama hakuandika neno hilo hata siku moja. Kila saa ilipotimia aliinama, akafungua kizibo, akaumimina mkojo katika kikombe cha kupimia chenye mistari, akakiinua mpaka usawa wa macho yake, akasoma, kisha akaandika saa, kiasi na rangi. Na upande wa pili wa karatasi akaandika kila kilichoingia mwilini, dripu, damu, dawa zilizozimuliwa kwa maji, uji wa mpira wa puani, hata vijiko vya maji ambavyo ndugu walimnywesha mgonjwa wao kwa huruma.

Wakati ule baadhi ya vijana waliiona karatasi ile kuwa ni mzigo wa waandishi. Ilmu ya miaka ya baadaye ilimpa Mama haki yake. Mwaka 2012 jopo la kimataifa la wataalamu wa figo liitwalo KDIGO lilitoa mwongozo uliothibitisha kwamba mkojo ukipungua chini ya mililita 0.5 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa kwa saa, na upungufu huo ukadumu saa 6, hiyo peke yake ni dalili ya kutosha kwamba figo zimejeruhiwa, hata kama kipimo cha kreatinini katika damu hakijapanda. Kwa mtu mwenye kilo 60 kiasi hicho ni mililita 30 kwa saa, yaani vijiko viwili vikubwa vya mezani. Kreatinini, ambayo madaktari wengi huisubiri kuwa ndiyo shahidi, yaweza kuchukua siku moja au mbili kabla ya kusema kweli, na katika siku hizo mbili mgonjwa mahututi hupata kupona au kuzikwa. Mdharau mwiba mguu huota tende. Na mwiba wenyewe, katika chumba chetu, mara nyingi ulikuwa ni saa tatu za mkojo mchache zilizopita bila ya mtu kuzitia maanani.

Namkumbuka kijana mmoja, fundi mwashi, aliyeletwa kwetu magharibi baada ya kulala saa nyingi chini ya ukuta wa nyumba ya zamani uliomwangukia kazini. Alikuwa akizungumza na kuomba maji, na jamaa zake walimshukuru Mungu kwa kuwa mifupa haikuvunjika. Lakini mapaja yake yalikuwa yamevimba na kukakamaa, na mkojo uliopatikana ulikuwa kidogo sana, rangi yake kama chai ya mkandaa. Maana ya rangi ile ilielezwa na matabibu wawili wa Kiingereza, Bywaters na Beall, mwaka 1941, walipoandika habari za watu waliofukuliwa wakiwa hai katika vifusi vya nyumba za London zilizopigwa mabomu, wakadhaniwa wameokoka, kisha wakafa baada ya siku chache kwa figo kufunga. Nyama ya mwili iliyopondwa humwaga katika damu vitu viwili: rangi yake, ambayo huziba na kuumiza mirija myembamba ya figo, na potasiamu yake, ambayo huushambulia moyo. Nayo potasiamu, ikae ikijulikana, karibu yote iliyomo mwilini imefungiwa ndani ya chembe hai. Iliyo nje yake ni kama asilimia 2 tu, na katika damu ya mtu mzima wa afya haizidi milimoli 5 au zaidi kidogo kwa lita, wala haipungui 3.5.

Mtu wa maabara usiku ule alikuwapo na mashine yake ilikuwa nzima, na jibu alilotuletea kwa mkono wake mwenyewe lilikuwa 7.8. Karatasi ya mashine ya moyo ilipokuwa ikitoka polepole vidoleni mwangu niliona yale ambayo kitabu kilikuwa kimeyachora: wimbi la mwisho la kila pigo limerefuka na kuchongoka, lile dogo la mwanzo limefifia, na la kati limeanza kupanuka. Mama alikuwa amekwisha kuvunja chupa ya kalsiamu. Tukaiingiza taratibu katika mshipa, mililita 10 za dawa ya asilimia 10, kwa dakika kadhaa, macho yetu yakiwa katika ile karatasi, na kabla sindano haijamalizika mawimbi yakaanza kurudi katika umbo lake. Hapo ndipo daktari kijana asiye na subira hudhani kwamba kazi imekwisha, ilhali haijaanza. Kalsiamu haipunguzi potasiamu hata chembe. Huukinga moyo kwa nusu saa au saa moja tu. Insulini yuniti 10 pamoja na glukosi gramu 25 huisukuma potasiamu irudi ndani ya chembe, na salbutamoli ya kuvuta huisaidia, lakini kwa saa chache, kisha itatoka tena. Na anayetoa insulini akasahau kuipima sukari kila saa amebadili ajali moja kwa nyingine. Yaliyobaki ni kuitoa potasiamu mwilini, ama kwa mkojo ukipatikana, ama kwa kuisafisha damu.

Kijana yule alisafishwa damu kwa mashine katika hospitali kubwa tuliyompeleka usiku uleule, na baada ya majuma kadhaa figo zake zikaamka. Jambo hilo wengi hawalijui: figo iliyoangushwa ghafla na maradhi au ajali, tofauti na ile iliyokwisha polepole kwa miaka ya kisukari na shinikizo la damu, mara nyingi hurudi katika kazi yake, mradi mwenyewe ahifadhiwe hai katika muda wa kungoja. Hii ndiyo iliyokuwa imani ya Willem Kolff, tabibu wa Uholanzi, ambaye mwaka 1943 katika mji wa Kampen, nchi yake ikiwa imekaliwa na majeshi ya Ujerumani, aliunda mashine ya kusafishia damu kwa kutumia selofani ya kutengenezea soseji. Wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walikufa, naye hakukata tamaa, hata mwaka 1945 akaokoka mwanamke mmoja wa miaka 67, na kwa mwanamke huyo mlango ukafunguliwa kwa mamilioni ya watu.

Ikiwa potasiamu inafundisha wepesi, sodiamu hufundisha stahamala. Tuliletewa siku moja bibi mmoja ambaye kwa majuma mawili alikuwa akitumia kidonge kipya cha presha, kile cha kuongeza mkojo, na huku, kwa kuhimizwa na watoto wake, akinywa maji mengi kwa sababu ya joto la kaskazi. Alianza kwa uchovu na kichefuchefu, kisha akawa anasema maneno yasiyoeleweka na kuwaita wajukuu kwa majina ya ndugu zake waliokwisha kufa, na nyumbani wakadhani ni mambo ya majini. Sodiamu yake, ambayo ilistahili kuwa kati ya 135 na 145, ilikuwa 108. Tukakisimamisha kidonge, tukamfungia dripu ya maji ya chumvi kwa matone ya kuhesabu, na mwanawe mkubwa, mtu wa adabu, akanifuata barazani akasema, “Daktari, sikukosoi, lakini mama yangu hajijui, nanyi mwampa dawa tone kwa tone. Mbona msiifungue imalizike?”

Lilikuwa swali la haki, nikamjibu kwa urefu, kwa kuwa ndugu wa mgonjwa anayeelewa ni msaidizi. Nilimweleza kwamba chumvi inaposhuka kwa siku nyingi ubongo hujizoeza hali ile kwa kutoa baadhi ya chumvi zake usivimbe, na ukirudishiwa chumvi ya damu kwa ghafla hunyauka kabla ya kujitengeneza upya, na utando wa neva zake huharibika, hata mtu aliyeonekana kupata nafuu Jumatatu akawa hawezi kusema wala kumeza wala kuinua mkono ifikapo Jumamosi. Maradhi hayo ya utando yalielezwa huko Marekani mwaka 1959 na Adams na wenzake, na miaka mingi ikapita kabla ya watu kutambua kwamba mara nyingi mfanyaji wake ni tabibu mwenye haraka. Kwa hiyo kanuni ni kutoipandisha sodiamu zaidi ya milimoli 8, au 10 kwa ukomo, katika saa 24. Anayepigwa na degedege ni mbali: huyo hupewa palepale kiasi kidogo cha maji ya chumvi kali ya asilimia 3, ili sodiamu ipande milimoli 4 hadi 6 na degedege ikome, kisha mwendo hurudi kuwa wa taratibu.

Usiku wa manane mkojo wa bibi ulifunguka, na muuguzi kijana akaja mbio na uso wa furaha kunipa bishara kwamba mgonjwa ametoa mililita 300 kwa saa moja, na saa iliyofuata kama hizo. Mama, aliyekuwa zamu, hakufurahi. Alisema tu, “Pimeni chumvi sasa hivi.” Na kweli, figo zilikuwa zimeanza kumwaga maji matupu kwa kasi, na sodiamu, ambayo tulidhani inakwenda mwendo wetu, ilikuwa imekwisha kupanda milimoli 7 nasi hatujafika nusu ya siku. Tukaifunga dripu ya chumvi, tukamrudishia maji kwa dripu ya glukosi, tukawa tunapima kila baada ya saa mbili mpaka kulipokucha. Siku ya nne bibi alimwita kila mjukuu kwa jina lake. Mwenda pole hajikwai. Lakini katika kazi hii anayekwenda pole hana budi pia kutazama njia, kwa kuwa mwili wenyewe waweza kumkimbiza.

Fauka ya hayo, maji yaleyale humponya mmoja na kumdhuru mwingine, na hapa historia ya pwani yetu ina ushahidi. Kipindupindu kilipoingia Unguja mwaka 1869, tabibu James Christie, aliyekuwa akiwatibu watu wa huko, alishuhudia msiba ambao baadaye aliuandika katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1876. Watu walikufa kwa kukaukiwa maji na chumvi, ingawa mwaka 1832 Thomas Latta alikwisha kuwatilia wagonjwa wa kipindupindu maji ya chumvi mishipani huko Leith, Uskochi, na baadhi yao wakafufuka mbele ya macho yake. Ilmu ile ikaachwa kwa muda mrefu. Mwaka 1971 Dilip Mahalanabis, akiwa na dripu zisizotosha katika kambi ya wakimbizi wa Bangladesh huko Bangaon, aliwanywesha wagonjwa maji yenye chumvi na sukari kwa vipimo, na vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya 4. Aliyepoteza maji kwa kuharisha arudishiwe maji, tena upesi, tena mengi: hapo hapana shaka.

Kwa mantiki hiyohiyo tulifundishwa kwamba kila mtoto mwenye homa kali na mikono ya baridi amiminiwe maji mengi kwa kasi, na tuliamini hivyo ulimwengu mzima. Kisha ukafanywa uchunguzi katika ardhi yetu wenyewe, Kenya, Uganda na Tanzania, Kilifi na Muheza zikiwa miongoni mwa vituo vyake, chini ya Kathryn Maitland; na matokeo yalipotolewa mwaka 2011 yaliwashtua wakuu wa fani hii. Miongoni mwa watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu, ambao hawakuwa na kuharisha, vifo katika saa 48 vilikuwa asilimia 10.6 kwa waliomiminiwa albumini, 10.5 kwa waliomiminiwa maji ya chumvi, na 7.3 kwa wale ambao hawakumiminiwa. Tangu hapo, kabla ya kufungua dripu, swali langu limekuwa: maji ya mgonjwa huyu yamepotea wapi? Akikosa jibu la kuonyesha, matapishi, kuharisha, damu, jeraha la moto, daktari na azuie mkono wake na atazame tena.

Kadhalika tumejifunza kutozilazimisha figo. Zamani dopamini kidogo ilitiwa katika dripu za wagonjwa mahututi kwa dhana kwamba huzihifadhi figo. Uchunguzi wa Australia na New Zealand uliotolewa mwaka 2000 ulibainisha kwamba haikuzisaidia kitu. Furosemaidi huongeza mkojo na kumpunguzia maji aliyefurika, nayo ni dawa njema kwa kazi hiyo, ila haimponyi mwenye figo iliyojeruhiwa, na aliyekauka humzidishia ukavu. Hata mashine za kusafishia damu zina wakati wake: uchunguzi mkubwa uitwao STARRT-AKI, wa mwaka 2020, ulionyesha kwamba wagonjwa mahututi walioanzishwa mapema walikufa sawasawa na waliosubiriwa mpaka haja idhihirike. Haja hiyo ni potasiamu isiyotii dawa, maji yaliyojaa mapafuni, asidi iliyokithiri, au sumu ya uchafu wa damu iliyofika ubongoni au katika ngozi ya moyo. Na haja ikifika pasipo mashine, tumbo lenyewe laweza kutumika, kwa kutiwa maji maalumu na kuyatoa, kama walivyoonyesha madaktari wa KCMC huko Moshi.

Yapo na mengine madogo kwa kuyataja, makubwa kwa kuyasahau: kwamba potasiamu iliyopungua haipandi maadamu magnesiamu imepungua, kwamba potasiamu ya sindano haipigwi moja kwa moja mshipani kamwe, bali huzimuliwa na kuingizwa kwa saa, na kwamba mgonjwa aliyekaa na njaa siku nyingi akilishwa ghafla fosfeti yake huporomoka, na pumzi na moyo wake hudhoofika, kwa hiyo hata chakula kwake kina kipimo.

Nawausia madaktari na wauguzi vijana kwamba karatasi ya maji yanayoingia na yanayotoka ni sehemu ya matibabu, tena sehemu isiyo na gharama. Waiandike kwa insafu. Nawaomba ndugu wa wagonjwa watuletee kila dawa aliyotumia mgonjwa wao, vidonge vya maumivu vya dukani na mizizi ya mganga pamoja, bila ya kuona haya, kwa kuwa figo nyingi tumezipoteza kwa dawa ambazo tulifichwa. Na kwa wenye mamlaka ya kugawa fedha nasema neno moja: kabla ya kununua mashine kubwa ya kuwekewa jiwe la msingi na hotuba, hakikisheni kwamba kila hospitali inaweza kupima potasiamu na sodiamu usiku na mchana, na kwamba mtu wa kuzipima yupo na analipwa. Chumba cha wagonjwa mahututi kisichoweza kuijua potasiamu ya mgonjwa saa nane za usiku hakijastahili jina lake.